Meza ya Dirishani

Wateja walimwita Vumbi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga nafaka, na kila jioni alitoka kazini mweupe kuanzia kope hadi viatu. Watoto wa mtaani walimkimbia kwa utani, naye akawafukuza kidogo akijifanya mzimu, kisha akaenda zake nyumbani. Alikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyedhani kwamba hasikii.

Mashine ile ilikuwa imemla masikio polepole. Kwanza zilipotea sauti ndogondogo: bomba linalovuja, mtu anayebisha hodi, ndege wa asubuhi. Baadaye maneno nayo yakaanza kumegeka, mara neno linakosa mwanzo, mara linakosa mwisho, mpaka mazungumzo ya watu yakawa kama redio isiyoshika stesheni. Lakini Vumbi alikuwa mwepesi. Alijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Ukimkabili, mwanga ukiwa usoni pako, alikujibu sawasawa wala hukushuku lolote. Na kwenye mashine kila mtu huongea kwa kupiga kelele na kuonyesha kwa mikono, kwa hiyo huko hakuwa na tabu. Tabu ilikuwa nyumbani.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alishonea chumba cha mbele, cherehani yake ikiwa imetazama ukuta, na alikuwa na sauti ya chini, sauti ambayo enzi za uchumba ilimkosesha Vumbi usingizi. Mazoea yake yalikuwa kuongea huku anashona, bila kugeuka.

"Baba Watoto, tumwite fundi bomba kesho?" alikuwa akiuliza.

Na Vumbi, akiwa nyuma yake, akiona mabega tu, alikuwa akibahatisha: "Nzuri sana. Na chumvi imekolea."

Mwanzoni mkewe alicheka. Kisha akaacha kucheka. Baadaye akaacha na kuuliza. Aliona mume anamjibu ovyo kwa makusudi, kama mtu anayemfukuza nzi, na yeye hakuwa mwanamke wa kung'ang'ania kusikilizwa. Nyumba ikawa kimya, na Vumbi, kwa masikio yale, hakujua kwamba imekuwa kimya.

Mtu angeuliza kwa nini hakumwambia. Baba yake naye alikuwa fundi wa mashine, naye alizeeka kiziwi. Vumbi alikua akimwona mama yake akimteta mumewe mbele ya uso wake, mezani, huku anamtabasamia na kumwongezea mchuzi. Wageni walicheka. Mzee naye alicheka, akidhani amesifiwa. Vumbi alikuwa mdogo, lakini kicheko kile cha baba yake kilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki, na hakikutoka tena.

Hospitali alikwenda peke yake. Alimuaga mkewe kwamba anafuata mkanda wa mashine. Daktari, kijana mpole, alimkalisha karibu na dirisha, akamwambia taratibu, "Mishipa ya ndani imekufa, mzee wangu. Hatuna namna ya kuirudisha." Wakamjaribisha kifaa cha sikioni. Viti vikiburuzwa, alisikia kama magari yanagongana, na sauti ya daktari ikamjia kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya debe: kelele tupu, maneno hamna. Akakivua, akashukuru, akaondoka. Njiani alinunua mkanda wa mashine ili asiwe mwongo kabisa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ndoa yao ilipokaribia kutimiza miaka ishirini na mitano. Binti yao mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali na aliyekuwa amejifungua mapacha, alimtumia baba yake ujumbe kwenye simu: "Baba, mwaka huu mpeleke mama mahali pa maana. Pale penye vitambaa mezani. Mvae mpendeze, mle muongee."

Neno lile la mwisho ndilo lililomshika. Aliusoma ujumbe asubuhi, akausoma tena mchana kwenye mashine, vidole vikiacha unga kwenye kioo. Akaamua kwamba atamwambia siku hiyo. Atamweka mkewe mbele yake, mikono yake ikiwa haina kitambaa wala sindano, uso wake ukiwa kwenye mwanga, na amwambie: mama, mimi sisikii, nimekuwa hivi muda mrefu, nisamehe. Kumwambia nyumbani alishindwa. Nyumbani kila akifungua mdomo alimwona mama yake na lile bakuli la mchuzi.

Mtu aliyezijua hoteli za mjini ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa teksi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wachumba na kuwarudisha, na alidai kwamba kwa kutazama kioo cha juu tu aliweza kujua nani ataoa na nani ameachwa kabla ya kitindamlo. Vumbi alimwomba amzungushe.

"Unataka ya kimahaba au ya kushiba?" shemeji aliuliza walipoingia garini.

"Ya kukaa vizuri."

"Shemeji, mbona unanikodolea mdomo hivyo? Unataka kunioa mimi?"

Vumbi alicheka, akatazama mbele, na kwa safari yote iliyobaki hakuelewa hata neno moja.

Hoteli ya kwanza ilikuwa juu kabisa ya jengo refu. Mji wote ulionekana, na upepo ulipeperusha pembe za vitambaa. Vijana walikuwa wakipanga spika kwa ajili ya bendi ya jioni. Meneja alikuja, mtu wa heshima zake, mwenye masharubu yaliyomshukia mpaka yakaufunika mdomo wa juu wote. Alieleza kwa kirefu. Vumbi alitazama masharubu yakicheza, akaitikia, akaitikia tena, na mara akajikuta anapewa mkono wa pongezi. Shemeji ndiye aliyemwambia kwenye lifti kwamba alikuwa amekubali kuimbiwa na bendi nzima huku yeye na mkewe wamesimama juu ya jukwaa. Shemeji akarudi kwenda kuvunja miadi.

Ya pili ilikuwa na bustani. Meza zilijificha nyuma ya maua, kila moja na taa yake ndogo ya rangi, na katikati chemchemi ilirusha maji.

"Hapa ndipo wanapolia," shemeji alisema. "Wanaume wazima."

Lakini maji kwa Vumbi yalikuwa balaa. Sauti kidogo iliyokuwa imembakia ilizama humo yote, kichwa kikajaa mvumo kama wa mashine yenyewe. Alisimama pale kidogo akijaribu kumsikia mhudumu, kisha akamshika shemeji mkono wakatoka.

"Una makuu wewe," shemeji alimwambia, safari hii wakiwa wamesimama juani wakitazamana. "Dada yangu ungempeleka hata pa kula wamesimama, angeridhika. Anachotaka ni wewe umtazame."

"Ndiyo maana natafuta," Vumbi alijibu.

Ya tatu ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa moja, kwenye barabara yenye miti. Walifika adhuhuri. Ukumbi wa juu ulikuwa na madirisha makubwa kuanzia karibu na sakafu hadi darini, na jua lilimwagika ndani likazing'arisha meza zote: vitambaa vyeupe, bilauri, uma zilizopangwa kama vyombo vya daktari. Hapakuwa na muziki. Hapakuwa na upepo wala maji. Na msimamizi alikuwa mama mmoja mnene, mwenye rangi nyekundu ya midomo, aliyetamka kila neno kwa kinywa kizima kama mwalimu wa chekechea. Vumbi alimwelewa kuanzia salamu hadi mwisho. Moyo wake ukatulia. Alijisikia kama amepata kijiji ambacho anajua lugha yake.

"Mngependa kukaa wapi, mzee?"

"Dirishani. Hapa hapa."

"Ni chakula cha mchana au cha jioni?"

Alifikiri kidogo. Mchana mkewe angekuwa anamalizia sare, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. "Jioni," akasema. "Jua likiwa bado lipo."

"Na ni shughuli gani?"

"Ndoa yetu inatimiza miaka ishirini na mitano."

Yule mama aliweka mkono kifuani. "Basi mtuachie wenyewe. Tutawaandalia mpaka mshangae."

Vumbi alishukuru. Hakuuliza watamwandalia nini. Alikuwa anatazama jinsi mwanga ulivyokaa kwenye kiti cha upande wa pili, atakapokaa mkewe, na aliona hakuna la kuongeza.

Siku yenyewe aliondoka kazini mapema, akaoga mara mbili kuondoa unga wa masikioni, akavaa suti aliyoivaa siku ya harusi ya binti yao. Mkewe alivaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe. Lilimkaa vizuri, na alipotoka chumbani alisimama mlangoni kidogo, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

"Umependeza, Mama Watoto," Vumbi alimwambia.

"Ni wewe unasema?" mkewe alijibu, akatabasamu kidogo, na kwa kuwa alikuwa amemkabili, Vumbi aliyaona maneno yote.

Shemeji aliwapeleka, akawafungulia mlango wa gari kwa mbwembwe za dereva wa waziri. Walipanda ghorofani wakakaa dirishani. Jua lilikuwa limeinama lakini bado lilikuwa na nguvu, na uso wa mkewe ulikuwa wazi kabisa mbele yake, kila mstari, kila mwendo wa midomo. Waliletewa supu. Mkewe alisema mkate ule laini ungemfaa mama mkwe enzi za uhai wake, maana meno yalimwisha akabaki na ulimi tu, na Vumbi akacheka mahali panapostahili. Akamuuliza habari za mapacha. Akajibiwa, akauliza tena. Muda mrefu hawakuwa wameongea hivyo. Mkewe alimtazama kwa namna ya kushangaa, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukiandika kuwa kimepotea, na hakujua kama akipokee.

Vumbi alijiambia: nikimaliza hii supu. Kisha akajiambia: waondoe kwanza sahani.

Sahani zilipoondolewa, vijana wawili wakaja wakavuta mapazia mazito. Mwingine akazima taa za ukutani, moja baada ya nyingine. Mshumaa mwembamba ukawekwa katikati ya meza, na kwenye kona mzee mmoja mwenye saksafoni akaanza kupuliza. Yule mama msimamizi alipita akawapungia mkono kwa furaha. Hayo ndiyo maandalizi.

Vumbi alitazama mbele yake. Palipokuwa na uso wa mkewe pakawa na kivuli chenye kidevu. Mwali wa mshumaa ulicheza, na kila ulipocheza mdomo wa mkewe ulijitokeza ukapotea. Aliinua mkono kuomba taa iwashwe. Kijana mmoja akaja mbio, akamwinamia sikioni, akamwambia neno. Vumbi hakulipata. Aliitikia kwa kichwa kama alivyozoea, na kijana akaondoka, akarudi na shada la maua.

Mkewe aliyapokea maua, akayaweka kando. Akainama mbele, akaanza kuongea.

Aliongea muda mrefu. Vumbi aliona mikono yake ikitandazwa juu ya kitambaa, ikikunjwa, ikitandazwa tena. Aliona kitu kinang'aa kwenye shavu. Mara mkewe alijifunika mdomo kwa kiganja huku akiendelea kusema, na hapo hata kile kidogo kilipotea. Vumbi alijitahidi mpaka macho yakamuuma. Alipata "binti", alipata "miaka", alipata kama "peke yangu" au pengine "pete yangu". Akaona bila shaka mwenzake anakumbuka harusi yao, shida walizopitia, watoto. Chozi lile alilichukua kuwa la furaha. Alitaka kumkatiza amwambie, subiri, sikuoni, sikusikii. Lakini utamkatiza vipi mtu anayelia akikumbuka siku yake ya harusi? Alitabasamu. Aliitikia kwa kichwa. Mkewe aliponyamaza akamtazama, akasema jambo fupi, akasubiri, akalirudia, Vumbi alimshika mkono juu ya meza akaupigapiga polepole.

"Umesema vizuri, Mama Watoto," alisema. "Vizuri kabisa."

Mkewe aliutoa mkono wake taratibu, akafuta uso kwa kitambaa cha mezani, akachukua uma akala. Vumbi aliona jioni imekwenda salama kuliko alivyotarajia, akaona si haki kuiharibu kwa habari za masikio. Akapanga kumwambia siku nyingine.

Wiki iliyofuata alikwenda kazini akiwa na uchangamfu ambao wateja waliuona. Nyumbani aliona sanduku limetolewa juu ya kabati, nguo zinakunjwa, akajua mkewe anakwenda kuwaona mapacha. Alikuwa na haki hiyo. Hata alimletea mfuko wa unga laini wa kumpelekea binti. Lakini mchana mmoja aliporudi kula, alikuta cherehani haipo. Ukutani ilipokuwa pamebaki alama ya mraba, rangi yake mbichi kuliko ukuta wote.

Mkewe alikuwa jikoni, mlango wa uani ukiwa wazi na jua likiingia.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimempa yule binti wa jirani. Huko ninakokwenda ipo nyingine."

"Unakwenda kwa muda gani hata ugawe cherehani?"

Mkewe aliweka mwiko chini. Alimgeukia mzima mzima, na Vumbi alilisoma kila neno, hakuna hata moja lililomponyoka.

"Baba Watoto, usinifanyie hivi. Nilikwambia pale mezani. Nilikwambia nimechoka kuishi na mtu ambaye nikimsemesha ananijibu upuuzi. Nilikwambia nakwenda kwa mwanetu na sirudi. Nikakuuliza una la kunizuia. Nikakuuliza mara ya pili. Ungesema hata neno moja tu, ningebaki. Ukaniambia nimesema vizuri."

Vumbi alishika mwimo wa mlango. Alitaka kukaa lakini hapakuwa na kiti karibu.

"Sikukusikia," alisema.

"Najua hukunisikia. Hujawahi."

"Hapana. Masikio yangu. Hayafanyi kazi. Nilikwenda hospitali. Nasoma midomo. Walizima taa, mama. Sikukuona."

Akamweleza yote hapo hapo, amesimama, unga ukidondoka kutoka kwenye mikono ya shati: daktari, kile kifaa, mkanda wa mashine, baba yake na bakuli la mchuzi. Yale aliyoyatafutia mahali mji mzima yalimtoka jikoni, chungu kikichemka. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa kanga yake ya jikoni, kisha akakumbuka, akaishusha ili mumewe amwone.

"Ile siku ya msiba wa mama yangu," aliuliza, "nilipolia usiku kucha nikakuita?"

"Sikusikia."

"Na nilipokuomba radhi, ile siku?"

"Siku gani?"

Mkewe alitikisa kichwa. "Basi nimelia bure."

"Sasa unajua. Tuanze upya. Nitaihamisha cherehani itazame mlango, nitamrudia yule binti..."

"Subiri." Aliongea polepole, na machoni hapakuwa na hasira, jambo lililomtisha Vumbi zaidi. "Miaka yote hiyo niliamini unanidharau. Nilikuchukia, nikajichukia, nikamaliza. Nilikwisha kukulilia kama mtu anayelilia maiti. Sasa unaniambia hukuwa umenidharau. Naamini. Lakini moyo wangu hauna cha kurudia. Ungeniambia mapema ningekuwa masikio yako. Sasa nimechoka tu. Sababu haikuwa ya kweli, lakini uchovu ni wa kweli."

"Hata kidogo?"

"Sijui nikudanganye vipi," mkewe alisema. Akainuka akaepua chungu, kwa sababu chakula kilikuwa kinaungua.

Alisafiri asubuhi siku chache baadaye. Shemeji aliwapeleka stendi, na safari hii hakutania. Vumbi alibeba sanduku akalipanga mwenyewe chini ya basi. Mkewe alimshika bega, akasema, "Ule vizuri," akapanda. Kioo cha dirisha kilikuwa cheusi, kwa hiyo kama alisema kingine, Vumbi hakukiona.

Wakiwa njiani kurudi shemeji aliegesha kando ya barabara, akamgeukia.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ningejua, ningekupeleka kwenye kantini ya stendi. Taa zake zinaonyesha mpaka dhambi."

Vumbi alijaribu kucheka, akashindwa, na shemeji akawasha gari.

Tangu hapo habari zimeenea. Kwenye mashine sasa watu wanampigia kelele hata pale asipohitaji, na wengine wakimaliza wanatazamana wakitabasamu. Anawaona. Anapima nafaka yao, anamwaga, anafunga mifuko. Mwenye mashine amemwambia atafute kijana wa kumfundisha kazi.

Siku za mapumziko binti hupiga simu ya picha. Huwashikilia mapacha mbele ya kioo mmoja mmoja, kisha humpa mama yake. Mkewe hukaa karibu na taa, huinua uso, hutamka taratibu kwa kinywa kizima: Umelala salama? Umekula? Mvua imenyesha huko? Vumbi huelewa kila neno. Humjibu sawasawa, naye huuliza yake, kama huko kuna joto, kama watoto wanalala. Wakishamaliza hayo hutazamana kidogo, kila mmoja akingoja. Kisha mkewe humwambia amsalimie jirani, na kumrudishia binti simu.